Mtoro Aliyekuwa Nyumbani

Jumatano, 1 Oktoba 1958

Philémon, mwuguzi wa zahanati ya misheni kule Kamanyola, ametoroka asifike mbele ya hakimu. Amesema hivyo Donatien, karani mtafsiri wa ofisi ya territoire, yaani ya wilaya, leo saa nne asubuhi, akisoma karatasi iliyopigwa mashine. Kosa la kwanza: tangu Julai amekataa kutia sahihi orodha ya watu walio wazima kwa kazi ya lazima ya kuchimba mifereji milimani, ile ya kuzuia udongo usiteremke. Kosa la pili: kukimbia.

Nimemwuliza mara mbili kama ana hakika.

"Papa Isidore, iko kwa karatasi."

"Nani amesema?"

"Daktari wake mwenyewe, muzungu wa misheni. Aliandika mu Kiingereza, mimi nimetafsiri. Unataka nini ingine?"

Sikutaka kingine. Miaka kumi na moja nachukua habari kwenye meza ya Donatien, na hajanipa tarehe mbovu hata moja. Nimeandika mistari sita. Mvua saa nane hadi saa kumi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Somo la Kiingereza, mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu. Directeur anataka gazeti lifungue ukurasa wa habari za Uganda na Tanganyika, na magazeti ya huko huja kwa Kiingereza. Kwa hiyo kila Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na moja, nakaa barazani kwa maman Bibiane. Ni mjane, mshonaji wa sare za shule, mzaliwa wa Kabale, Uganda. Baba yake alikuwa mkalimani katika mahakama ya Waingereza. Anatoa neno moja kwa somo, na huondoki kabla hujaliweka katika sentensi tatu. Leo nimepata mbili.

"Ya tatu ulale nayo," amesema.

Jumamosi, 4 Oktoba

Gazeti limetoka. Mistari yangu sita iko ukurasa wa tatu, chini ya bei ya pamba.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua. Hakuna somo.

Jumatano, 8 Oktoba

Saa tatu asubuhi mwanamke ameingia ofisini na gazeti letu mkononi, limekunjwa mara nne. Viatu alivishika mkono wa pili, vina matope hadi ndani.

"Natafuta mutu aliandika hii."

"Ni mimi, maman."

"Mimi ni Georgette, muke ya Philémon. Bwana yangu amekimbilia wapi?"

Nilimwambia kwamba hilo ningemwuliza yeye.

"Basi niulize. Jana niliacha yeye nyumbani, anakula viazi. Amenituma nikuulize wapi amekimbilia, juu yeye hajui."

Wenzangu wawili walicheka. Yeye hakucheka. Alieleza kwa utaratibu, na nimeandika kila kitu. Philémon hajalala nje ya Kamanyola tangu Pasaka. Askari wamepita mbele ya zahanati mara mbili, wamemsalimia, wakaendelea na safari. Walikuwa wanakwenda Minova kumtafuta, kwa kuwa ana shemeji huko. Kapita, msimamizi wa kijiji, ametangaza kwamba atakayemwona mtoro bila kusema atafungwa. Misheni imeacha kuleta dawa, maana dawa hazipelekewi mtu asiyekuwepo.

"Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Akitoka Kamanyola, si atakuwa amekimbia?"

Nilimpa kiti. Alikaa dakika mbili, akaenda kutafuta lori la kurudi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Donatien amesikiliza hadi mwisho, akafunga faili.

"Mutu anaweza kukimbia, kisha anarudi."

"Mkewe anasema hakuondoka."

"Muke atasema nini? Papa Isidore, mimi siko polisi. Niko mutafsiri."

Barua ya daktari hawezi kunionyesha. Daktari mwenyewe yuko likizo kwao tangu Agosti. Jambo moja jipya: kesi itasikilizwa Jumanne, tarehe 18 Novemba, Philémon awepo asiwepo. Hawatampelekea hati ya kumwita, kwa sababu mtoro hana anuani. Akihukumiwa hivyo, atakuja mwuguzi mwingine, na mwuguzi mwingine atatia sahihi orodha.

Somo la jioni sikulisikia vizuri. Bibiane alinirudisha nyumbani kabla ya saa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Njia ya Ngomo imebomoka. Hakuna gari la Kamanyola.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bibiane ameniuliza kwa nini kichwa changu kiko nje ya baraza. Nikamweleza yote: mwuguzi, mkewe, barua ya Kiingereza.

"Barua inasema neno gani?"

"Inasema ametoroka."

"Sikuuliza inasema nini. Nimeuliza neno."

Silijui. Majuma mawili nahangaika na habari ambayo neno lake sijaliona.

"Basi kaulize neno. Usiulize habari. Habari watakuficha. Neno hawataona kama ni kitu."

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua siku nne mfululizo. Sijafanya lolote la maana.

Jumanne, 21 Oktoba

Bibiane hakukosea. Nilimwomba Donatien neno, nikasema ni kwa ajili ya masomo yangu, na uso wake ukafunguka. Aliandika pembezoni mwa gazeti, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya Mapadri: contumacious.

"Unaona? Ni Kifaransa. Bamewekea yake mukia tu."

Ni kweli. Kwa Kifaransa cha mahakama liko neno contumace, na kila mmoja wetu aliyewahi kukaa kwenye benchi la waandishi amelisikia: mshtakiwa aliyeitwa akakosa kuja. Nililiangalia neno la Donatien nikaona nami ningetafsiri vilevile.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimeweka kile kipande cha gazeti mezani. Bibiane alikuwa anakata kola. Akaweka mkasi chini.

"Nani amekupa hii?"

"Unalijua?"

"Baba alikuwa analeta hii neno nyumbani kama vile wengine wanaleta samaki. Kila juma moja ao mbili."

Akaanza kusimulia. Mtu mmoja wa milimani aliitwa na jaji wa Kabale kwa sababu ya barabara. Jaji akamwambia avue kofia. Hakuvua. Akaambiwa mara ya pili, ya tatu. Hakutukana, hakupaza sauti, hakusogea. Jaji akaandika lile neno, baba yake Bibiane akatakiwa kulitafsiri, naye akamwambia yule mtu: "Anasema wewe ni mtu ambaye ukiambiwa hukubali." Yule mtu akajibu, "Sawa."

Nikasema kwamba kwa Kifaransa neno linalofanana nalo ni la mtu ambaye hakufika.

Alicheka hadi akashika meza.

"Hakufika! Papa Isidore, mutu ya kukimbia hawezi kupata hii jina. Ukikimbia, unaogopa mukubwa. Huyu haogopi. Anabaki pale mbele yake. Leo anakatala, kesho anakatala, na asubuhi anasema bonjour. Bila kubaki, huwezi kuwa hii."

Alinidai sentensi tatu. Ya kwanza nikasema kwa Kiingereza kwamba mwuguzi ana tabia hiyo. Ya pili, kwamba mtu wa tabia hiyo hukaa kwake. Ya tatu, kwamba yeyote aliyeandika ametoroka amekosea, na mimi nimo.

"Ya tatu haina lile neno."

"Ya tatu ndiyo habari."

Akaikubali.

Ijumaa, 24 Oktoba

Saa mbili kamili nilikuwa mbele ya meza ya Donatien. Nikamwambia kwamba ule si mkia. Ni mnyama mwingine kabisa.

Alifungua droo, akaifunga. Kisha akasema polepole:

"Nasikia. Sasa sikia na wewe. Mutoro ni mutu alipata woga. Wanamufunga miezi mbili, tatu, wanamusahau. Mutu ya kukatala mukubwa, ule hawasahau. Ule wanamutuma mbali, Shabunda ao mbali kupita, miaka. Mimi nimekosa neno, sawa. Lakini kosa yangu iko ndogo kuliko neno ya kweli. Ukirekebisha, unamusaidia ao unamuuza?"

Nilitoka. Hadi kona ya kwanza niliamini anakilinda kiti chake. Hadi kona ya pili niliona hoja yake ni sawa. Sasa nadhani yote mawili ni kweli, na sijui la kufanya na mtu wa namna hiyo.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimetembea hadi ziwani na kurudi, mara mbili. Mvua haikunyesha, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumatano, 29 Oktoba

Kamanyola. Lori limetumia saa sita. Pale Ngomo tulishuka abiria wote tukatembea nyuma yake.

Zahanati ni nyumba ya matofali, vyumba viwili, imepakwa chokaa. Nilimkuta Philémon mlangoni, mtu mfupi, mkavu, koti jeupe lililopigwa pasi. Kabla hajanisalimia aliingia bibi mmoja, kanga ameivuta usoni hadi kidevuni.

"Muganga, mimi sikuone. Nipe dawa ya kikohozi."

"Utakunywa asubuhi na magaribi."

"Sisikie mutu hapa," akasema bibi, akapokea chupa, akajigonga kwenye mlango akitoka.

Wanakuja hivyo wote, tangu kapita atangaze. Philémon haoni kichekesho. Alinikaribisha, akatoa gazeti letu, na mistari yangu sita ameipigia alama ya kalamu nyekundu mahali patatu. Nimeandika "tangu Julai". Ni tarehe 8 Julai. Nimeandika "orodha ya watu walio wazima". Bado walikuwa hawajapimwa. Nimeandika "ametoroka".

Sikumpenda. Anaongea kama anayesahihisha daftari la mtu. Lakini alinionyesha jambo ambalo hakuna aliyenieleza. Orodha ilikuja na majina arobaini na moja, na mbele ya kila jina neno "mzima" lilikuwa limeshapigwa mashine. Akawapima wote, siku tatu. Thelathini na wawili aliwatilia sahihi katika karatasi yake mwenyewe. Tisa akakataa: watu wa kukojoa damu, mzee wa kifua, mama wa mimba ya miezi saba. Ofisi ilitaka karatasi moja, majina yote. Daktari naye alimwomba atie sahihi ili misheni isigombane na serikali. Akamkatalia na daktari.

Nikamweleza alichosema Donatien: kwamba kosa la utoro ni jepesi, na neno la kweli linaweza kumpeleka mbali kwa miaka. Nikamwomba achague.

Alivua miwani.

"Nani amekuomba unichagulie kosa? Kosa yangu niko nayo. Nimeifanya mwenyewe, saa tano ya muchana, mbele ya daktari. Ile ya kukimbia ni ya nani? Murudishie mwenyewe."

"Na wakikupeleka Shabunda?"

"Watanipeleka wakinikuta. Huko Minova hawatanikuta."

Georgette, aliyekuwa anachemsha sindano, alisema bila kugeuka: "Papa, unaona niko naishi na nani? Hata chumvi, akisema haitoshi, haitoshi."

"Haikutosha," akasema Philémon.

Jumamosi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Gazeti limetoka bila neno lolote juu yake.

Jumatatu, 3 Novemba

Directeur amesoma ripoti yangu ya Kamanyola akiwa amesimama.

"Tuliandika kilichosemwa na ofisi," amesema. "Ofisi ikisema kingine, tutaandika kingine. Nyumba ya mtu si chanzo cha habari."

Zimebaki siku kumi na tano.

Alhamisi, 6 Novemba

Kama siku moja nitaruhusiwa kuandika, nitaandika nini kwa Kiswahili? Nimempelekea Bibiane maneno yangu. Ameyakata kama kitambaa.

"Mbishi? Mbishi iko na mudomo. Huyu anaongea kidogo. Mwasi? Mwasi iko na batu benzake nyuma. Ukiandika mwasi wataleta askari mia. Mkaidi ni mutoto anakatala kuoga."

"Kichwa nguvu?"

"Ile ni bwana yangu, marehemu. Yeye alikuwa bila sababu."

"Basi nitumie lipi?"

"Usimupe jina. Andika kitu alifanya."

Ndilo ninalowaambia wanagenzi ofisini miaka yote, na ilibidi nikumbushwe na mshonaji.

Jumatatu, 10 Novemba

Donatien amenikwepa sokoni. Aliniona, akajifanya anachagua maharage.

Alhamisi, 13 Novemba

Tulikuwa katikati ya somo Donatien alipopanda ngazi za baraza, mwavuli unachuruzika. Hakunisalimia. Alimsalimia Bibiane, akatoa karatasi mfukoni. Amenakili barua ya daktari kwa mkono, sentensi kwa sentensi.

"Maman, mimi njo niliharibu. Nataka nisome yote mbele yako."

"Ikala kwa kigoda. Futa viatu kwanza."

Mkubwa wake, amesema, alipiga mstari chini ya sentensi moja akamwagiza atafsiri hiyo tu. Ndivyo ilivyotafsiriwa. Lakini sentensi haikuishia pale alipoishia yeye. Daktari aliandika kwamba Philémon ana tabia ile, na kwamba yeye daktari amemwambia hivyo uso kwa uso, kila asubuhi, majuma matatu.

"Kila asubuhi," amesema Bibiane. "Sasa alikuwa anamwambia nani? Ukuta?"

Donatien aliangalia sakafu.

"Niliona ile 'kila asubuhi'. Nikafikiri muzungu amechanganya. Nikaiacha."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Halafu Bibiane akamwambia hatoki bila sentensi tatu, na karani mtafsiri wa territoire, mwenye kadi ya heshima ya serikali na tai, akazisema zote akiwa amekaa kwenye kigoda cha kushonea. Ya tatu aliikosea. Akairudia.

Njiani nilimwuliza kwa nini amebadili mawazo.

"Sikubadili. Bado naona utamuuza. Lakini siwezi kumuuzisha na uongo yangu juu yake."

Ijumaa, 14 Novemba

Donatien ameandikisha tafsiri mpya saa tatu asubuhi. Chini ameongeza kwa mkono kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kosa na kwamba kosa ni lake, akatia sahihi na tarehe. Mkubwa wake amemwuliza kama amelewa. Saa sita ofisi imethibitisha kwa simu, na Directeur ameniita.

"Sasa ofisi imesema kingine," amesema. Akanipa mistari minane.

Jumamosi, 15 Novemba

Imetoka hivi: "Tarehe 4 Oktoba tuliandika kwamba Philémon, mwuguzi wa Kamanyola, ametoroka. Si kweli. Hakuondoka Kamanyola. Ofisi ilitafsiri vibaya neno moja la barua, nasi hatukwenda kuangalia. Tarehe 8 Julai alipewa majina arobaini na moja. Alitia sahihi thelathini na mawili. Tisa alikataa kwa kuwa ni wagonjwa, na bado anakataa."

Directeur alitaka kufuta maneno matatu ya mwisho. Nilimwambia ndiyo tafsiri ya lile neno. Akayaacha.

Jumanne, 18 Novemba

Mahakamani dakika sita. Hakimu ameahirisha hadi Jumanne, 9 Desemba, na kuagiza mshtakiwa apelekewe hati nyumbani kwake.

Alhamisi, 20 Novemba

Donatien anahamishwa Shabunda kuanzia tarehe 15 Desemba. Amenipa habari mwenyewe, kama anavyonipa nyingine, na tarehe ni sahihi.

"Kule hakuna Kiingereza," amesema. "Nitapumzika."

Uso wake haukupumzika aliposema hivyo. Mkewe ana kazi ya kufundisha hapa Bukavu na hataenda.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua, mvua. Sentensi tatu.

Ijumaa, 28 Novemba

Georgette amekuja kunieleza ya Jumanne hii, na safari hii viatu alikuwa amevivaa. Askari alifika zahanati saa nne na hati ya mahakama. Philémon aliisoma pande zote mbili, akairudisha.

"Sitie sahihi."

"Papa Philémon, tia tu. Nimetoka mbali, na njia ni mbaya."

"Hapa bameandika: mutu asiyejulikana fasi ya makao. Wewe umefika hapa namna gani?"

Askari akasema yeye hajui kusoma vizuri, ametumwa tu. Philémon akamsomea. Akamwambia kwamba akitia sahihi hapo, atakuwa amekubali kwamba hayupo. Askari akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akafikiri. Kisha akaomba dawa ya jino, akapewa, akaondoka na hati yake.

"Nilitaka kumupiga na sufuria," amesema Georgette. "Bwana yangu, si askari. Wamemuitia yeye aseme, na yeye anarudisha karatasi."

"Atarudi na nyingine?"

"Kama Ngomo itamuacha apite."

Nimegundua kwamba nimekwisha kumpenda Philémon kidogo, hasa wakati ambapo hastahili. Zimebaki siku chache, na bila sahihi yake kesi inaweza kurudi ilipoanza.

Jumatatu, 1 Desemba

Ngomo imefungwa.

Jumanne, 2 Desemba

Ngomo imefungwa.

Alhamisi, 4 Desemba

Karani wa mahakama amenithibitishia saa tano: hati ya pili imefika Kamanyola jana, askari akitembea kwa miguu kilomita kumi na mbili za mwisho. Mahali pa anuani pameandikwa zahanati, kijiji na chefferie, yaani eneo la chifu. Philémon ameisoma pande zote mbili na kutia sahihi. Ameongeza saa aliyoipokea, maana fomu haikuwa na nafasi yake.

Hakimu ameagiza Donatien aje kuisoma barua yote, si sentensi moja. Shitaka la kutoroka limefutwa. La kukataa amri limebaki, na adhabu yake ni ile aliyoisema Donatien. Mwanasheria niliyemwuliza hataki kubashiri. Bibiane atafunga cherehani siku ya kesi na atakaa kwenye benchi la wasikilizaji. Philémon anakuja Bukavu Jumatatu kwa lori kama njia ni nzima. La sivyo, ataanza kutembea Jumapili baada ya ibada, na ile karatasi ya sahihi thelathini na mbili.

Orodha ya kesi imekwisha kubandikwa mlangoni. Jumanne, 9 Desemba, saa mbili asubuhi. Wa kwanza kuitwa: Philémon, mwuguzi, mkaaji wa Kamanyola.